Bande ya Mama Mbombo

Mlango ule tuliouacha ukilia bawaba wiki iliyopita ulifunguka mpaka mwisho. Aliyesimama kizingitini hakuwa polisi, wala hakuwa mwizi. Alikuwa Pasteur Gamaliel, babu yake Salomé, na fimbo yake mkononi.

Ruffin, fundi wa sauti kutoka Lubumbashi, alikuwa amekwisha kuweka bande, ule mkanda wa kurekodia sauti, kwenye mashine. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza.

"Zimisha ile mashini," mzee alisema.

Salomé akasimama mbele ya mashine akaikinga kwa mwili wake wote. Huyu ni mwalimu wa shule, mwanakwaya, mtu ambaye tangu azaliwe hajamjibu mzee huyu neno la pili.

"Hapana, Nkambo," alimwambia babu yake.

Wewe uliyeazima gazeti la leo kwa jirani, nakusaidia upesi, halafu usinikatize tena. Mama yake Salomé ni marehemu Clémentine Mbombo, yule aliyeimba "Treni Gani", wimbo ambao hakuna arusi inayokwisha bila kupigwa, iwe Kamina, iwe Kolwezi, iwe Kinshasa. Kitandani alikofia alimshika binti yake mkono akamwambia, "Ile ingine. Sikiliza ile ingine." Hakusema tena kitu.

Ndipo akaja Ruffin. Anataka kutoa remix ya nyimbo za marehemu, na kwa ajili hiyo anakusanya prise zote, yaani kila mara mama alipouimba wimbo studioni, hata zile zilizotupwa. Katika chumba hiki nyuma ya kanisa, ambamo "Treni Gani" ilirekodiwa miaka ile, walikuta bande moja ndani ya boksi lenye mwandiko wa mama: Treni Gani, prise ya mwisho. Hakuna nyingine duniani.

Na yule kwenye kona, mwenye kilemba cha kijani, ni Chloé, msichana ambaye Ruffin amemleta aimbe remix pamoja na sauti ya marehemu. Sauti yake inakaa juu ya ile ya Mama Mbombo vizuri mno, mpaka wiki iliyopita Salomé alimwita mwizi wa sauti mbele ya watu. Hawajasalimiana tangu hapo. Basi, twende.

"Ile bande ni ya kanisa," Gamaliel alisema. "Ni minyi nilibapatia studio, ni minyi nilibapatia na bande. Munirudishie."

"Mama alisema nisikilize."

"Mama yako alikuwa mugonjwa."

"Alikuwa mugonjwa, Nkambo. Hakukuwa na wazimu."

Ruffin akaingilia kati kwa sauti ya mtu anayetaka amani na anayetaka bande pia. "Pasteur, pardon. Hii njo original, haina copie. Muniache niiingize mu ordinateur, mu kompyuta tu. Kiisha mutaibeba."

Mzee alikaza macho kwenye bande. Akalitazama boksi, akausoma ule mwandiko wa binti yake taratibu, herufi kwa herufi. Salomé alijua kwamba mzee akinyoosha mkono kuichukua, yeye hataweza kumsukuma.

Lakini mzee hakunyoosha mkono. Alitabasamu! Akavuta kiti, akaketi, akaiweka fimbo kati ya magoti.

"Bon," alisema. "Mucheze. Mucheze yote mpaka mwisho. Hakuna kintu mule."

Mimi mzee anayekubali haraka hivyo ananitia homa. Ruffin naye alimtazama Salomé, Salomé akamtazama Ruffin, na hakuna aliyefurahi.

"Cheza," Salomé alisema.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mashine ile ilikuwa ikila moto wa groupe, yaani jenereta, ya jirani, Maman Éliane, mwenye salon ya nywele, kwa waya mmoja uliopitishwa dirishani. Na ilikuwa Jumamosi mchana. Mnajua wenyewe salon ya nywele inavyokuwa Jumamosi mchana, kila casque ya kukaushia nywele ikila moto huo huo.

"Ruffin!" Éliane alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta. "Niko natia mama mwingine mu casque! Mashini yako itasikia!"

"Maman Éliane, pole, ngoja kidogo!"

"Ningoje nini? Kesho ni kanisa!"

Ruffin akabonyeza. Bande ikaanza kuzunguka, na kwanza ikatoa mchakacho mtupu. Halafu gitaa likajaribiwa nyuzi mbili. Halafu, karibu kabisa, kana kwamba yumo chumbani, akasema yeye mwenyewe.

"Hii prise ninaimba vile iko. Musinikatize."

Salomé akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mwaka mzima hakuwa ameisikia sauti hiyo ikisema maneno ya kawaida. Redioni anaisikia ikiimba kila siku, lakini kuimba si kusema, na yeye alikuwa amekosa ile ya kusema.

Gitaa likaanza wimbo tunaoujua sote. Mama akavuta pumzi aimbe.

Na hapo ikalipuka kwaya. Soprano, alto, tenor, bass, watu wazima arobaini hivi na kinanda chao, wakaujaza ule mkanda wimbo wa kufungia ibada. Mama Mbombo akazama chini yao, gitaa lake likazama, kila kitu kikazama.

"Nini hii?" Ruffin alisema. "Nini hii?"

Pasteur Gamaliel alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa kwa mapigo ya wimbo.

"Bande zilikuwa haba ile wakati," alisema. "Nilibaambia kwaya baimbe juu yake. Nilichagua wimbo ya beti ine, ile murefu, juu ifunike yote."

"Nkambo. Ulifuta sauti ya mama?"

"Nilifuta haya, mutoto yangu. Haya tu."

Kwaya iliendelea, na Salomé alilia kama mtu aliyefiwa mara ya pili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Chloé alitoka kwenye kona akamwekea mkono begani. Salomé akautikisa mkono ule uanguke. Hakutaka kuguswa na mwenye sauti ile.

Wimbo ukafika mwisho. Kwaya ikaimba Amina ndefu, kinanda kikanyamaza, mchakacho ukarudi. Mzee akafumbua macho, akashika fimbo ili ainuke. Ruffin, uso umemshuka, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimisha.

"Usiguse!"

Ni Salomé. Machozi bado yalikuwa yakitiririka, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Baliimba beti ngapi?"

"Eeh?" Ruffin alisema.

"Beti! Ile wimbo iko na beti ine. Minyi niko mu kwaya tangu utoto, ninaiyua. Baliimba ya kwanza. Baliimba ya pili. Kiisha baliimba ya mwisho. Ya tatu iko wapi?"

Wasomaji wangu, wale mnaosali pale mmekwisha kuelewa na mnacheka. Wengine niwaambie. Kila Jumapili, tangu zamani, Pasteur Gamaliel anasimama na kutangaza, "Tutaimba beti ya kwanza, ya pili, na ya mwisho." Ya tatu haiimbwi, kwa sababu jua linapanda na mahubiri ni marefu. Kuna watu Kamina waliobatizwa, wakaoa, wakazikwa, bila kujua beti ya tatu ya wimbo wowote inasema nini.

Na siku ile ya kufuta, mzee alitoa amri na kwenda zake kwenye mkutano. Kwaya ikafanya kama ilivyofundishwa.

"Ni weye mwenyewe ulitufunza kuiruka, Nkambo," Salomé alisema. "Wimbo yenu ilikuwa mufupi."

Mzee alikuwa amesimama. Tabasamu lilikuwa limekwenda.

"Zimisha," alisema. "Ruffin, zimisha ile kintu!"

Ruffin alirudisha mkono nyuma na kuuficha mgongoni kabisa, mtu mzima, kama mtoto anayeficha sukari.

Mchakacho. Mchakacho tu. Kisha gitaa likatokea katikati ya wimbo, na juu ya gitaa sauti ya Clémentine Mbombo, bila kwaya, bila kitu, ikiimba polepole zaidi kuliko ile tunayoichezea arusini.

*Utarudia na treni gani, Kabange?*
*Kyungu iko hapa, analala mu mukono moja,*
*ule mukono ingine unabakia baridi.*

Ninyi wa Kamina sihitaji kuwaambia kitu, lakini gazeti hili linafika na kwingine. Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Hayapewi mtoto mmoja. Ukisema Kyungu, umekwisha kusema kwamba yuko na Kabange.

Na katika wimbo tunaoujua, ule wa redioni, mahali pale hapana Kabange. Pale mama anaimba "chéri". Miaka yote hii tumedhani analilia mwanamume aliyepanda treni akamwacha. Tumeucheza kiunoni, tumeumwagia bia, bibi arusi ameshikwa mkono na bwana arusi wakizunguka. Kumbe tulikuwa tunachezea kilio cha mzazi.

"Mungu wangu," Ruffin alisema kwa sauti ya chini. "Bantu banacheza hii ku mariage."

*Balikubeba ku Luena mu kitambaa ya njano,*
*minyi nilibakia pa gare na maziwa inatoka.*

Halafu sauti ikaanza kushuka. Ikawa nzito, ikawa ndefu, mama akageuka kuwa mwanamume mnene anayesinzia. Mashine ilikuwa ikikosa nguvu.

"Éliane!" Ruffin alipiga kelele. "Casque! Casque!"

Kabla hajamaliza, Chloé alikuwa amekwisha kutoka mbio. Wakasikia ng'ambo ya ukuta kelele za wanawake, Éliane akiuliza nani aliyemtuma huyu binti kwake, mama mwingine akilalamika kwamba kichwa chake ni maji matupu. Sauti ya Mama Mbombo ikapanda tena, ikarudi kuwa yake. Chloé akarudi mlangoni, anahema, plagi ya ile casque bado mkononi.

Na sasa wimbo ukaingia mahali tusipopajua. Sehemu hii haimo kabisa katika ile version ya redioni. Gitaa likanyamaza, na mama akaimba peke yake, kwa sauti ndogo ya kubembelezea mtoto. Salomé akashtuka. Tuni hii aliijua! Mama alikuwa akiivumisha puani alipokuwa akimwogesha, kila jioni ya utoto wake, na siku zote bila maneno.

*Ukisikia treni inalia, usilie, Kabange, njo...*

Kimya.

Pasteur Gamaliel alikuwa ameinama, na kwa kichwa cha fimbo yake alikuwa ameuvuta waya ukachomoka.

"Pasteur!" Ruffin aliruka, akaurudisha waya kwa pupa. Mashine ikashtuka kwa nguvu. Bande ile ya zamani, iliyokaa boksini miaka yote, haikuvumilia. Ikakatika, na kipande cha mwisho kikajisokota ndani ya magurudumu, kikasagika.

Ruffin alianguka magoti akaanza kuokota vipande. "Nimekamata yote mu ordinateur," alisema, na sauti ilikuwa ya kilio. "Yote. Imebakia mustari moja tu. Mustari moja, Pasteur!"

Salomé hakumsikia. Alikuwa amemgeukia babu yake, na safari hii hakuona pasteur, aliona mzee tu.

"Kyungu njo nani?"

Mzee akaketi.

"Nakuuliza, Nkambo. Kyungu njo nani?"

"Njo weye."

"Na Kabange?"

Nje wanawake wa salon walikuwa wakicheka kitu. "Mulizaliwa mapasa," mzee alisema. "Babanamuke babili. Mama yako hakukuwa na bwana, unayua. Ile tu ilikuwa inatosha kuniangusha. Mais mapasa! Unayua mila yetu ya mapasa. Bamama ya mutaa muzima banakuja na ngoma, banaimba matusi, bananitukana minyi muzee mwenye nyumba, na banacheza mu lupango, mu kiwanja yangu, mpaka usiku. Ku nyumba ya pasteur! Nilikuwa nahubiri kila siku juu ya ile bintu."

"Kwa hiyo?"

"Mutoto moja, hakuna ngoma."

Alilisema hivyo tu, na nadhani alikuwa ameliweka tayari miaka yote hiyo, akisubiri siku ya kuulizwa. Nilipoliandika nilikasirika mpaka nikaacha kalamu nikatoka nje. Watu waliobishana na ngoma tumewaona wengi. Huyu alimtoa mtoto ili ngoma isije.

"Ulimupeleka wapi?" Salomé aliuliza.

"Ku Luena. Kulikuwa mutu moja ya chemin de fer, ya reli, mutu muzuri, mukristo. Muke yake alikuwa anakosa mutoto. Nilibapatia ule mudogo pa gare, mchana, mbele ya mama yako. Sikumuficha."

"Nitaenda ku Luena. Kesho. Leo!"

"Salomé."

"Nitaenda na pikipiki, nitaenda na miguu, nitamutafuta nyumba kwa nyumba!"

"Salomé, alikufa."

Salomé alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akageuka.

"Homa," mzee alisema, na sasa yeye naye alikuwa akilia, machozi ya kizee yasiyotoka vizuri. "Hakukuwa hata na mwaka. Ule mutu alinitumia habari, nilienda. Alinionyesha kaburi. Kadogo hivi. Nilipiga magoti pale, nililomba. Kiisha nilirudia, nilimuambia mama yako. Alikataa kuitika. Alisema ni bongo, namudanganya. Njo ile nilifuta bande, Salomé. Angeisikiliza kila siku, angekuwa mwenda wazimu."

Jamani. Kumpata ndugu na kumzika katika mazungumzo yale yale! Salomé aliketi chini sakafuni, kati ya vipande vya bande, mwalimu mzima na sketi yake ya shule. Alikuwa na dada kwa muda wa wimbo mmoja, na sasa hakuwa naye.

Ruffin aliendelea kuokota vipande. Mzee alitazama ukuta.

Na ndipo, mlangoni, mtu akaimba. Si kwa kuonyesha sauti. Aliimba chini kabisa, kama mtu anayejiimbia mwenyewe akiwa anafua.

*Ukisikia treni inalia, usilie, Kabange,*
*njo minyi nakuita.*

Ilikuwa tuni ile ile. Ilikuwa sauti ile ile. Na ule mstari wa mwisho, uliosagika kwenye magurudumu kabla mtu yeyote chumbani hajausikia, ulikaa mahali pake bila kukosea hata kidogo.

Fimbo ya Pasteur Gamaliel ilianguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

"Ile maneno," mzee alisema. "Ile maneno aliimba pa gare. Pa dirisha ya treni, mutoto akiwa amekwisha kuingia ndani. Hakuna mwenye aliisikia, ni minyi na bale ba mu treni tu." Alimtazama Chloé, kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama kweli. "Weye, uliitoa wapi?"

Chloé alikuwa amesahau kuiachia ile plagi.

"Sijui," alisema. "Mama alikuwa ananiimbiaka nikiwa mudogo. Kila wakati treni inalia. Niliwaza ni wimbo yake tu, ya kulalisha mutoto. Sikuwaza ni ya mu 'Treni Gani'."

"Mama yako gani?" Salomé aliuliza kutoka sakafuni. "Wapi?"

"Ku kwetu. Ku Luena."

Salomé akasimama. Alisimama polepole, akishika meza, macho hayatoki kwenye uso wa yule aliyemwita mwizi wa sauti.

"Pasteur," Chloé alisema, "ule mutu ya chemin de fer, mwenye alikuonyesha kaburi. Jina yake nani?"

Midomo ya mzee ilisogea mara mbili kabla jina halijatoka.

"Ambroise."

Plagi ikamtoka Chloé mkononi. Ng'ambo ya ukuta Éliane alikuwa akiita arudishiwe kitu chake, na hakuna aliyemjibu.

"Ambroise njo papa yangu," Chloé alisema. "Iko muzima, asubuhi tulisemezana naye ku téléphone. Sasa, Pasteur, ulilomba ku kaburi ya nani?"